Ordinateur Yenye Walikata Vipande

Tonton Murhula,

Jamaa walikuzika muzuri, sina neno. Lakini siku ya kumaliza matanga, wakati wa kugawanya vitu vyako, walifanya jambo lenye lingekuchekesha mpaka ukohoe. Ordinateur yako, kompyuta nzima, waliikata vipande kama ngombe! Ekra, kile kioo chake, ilienda na dada yako wa Katana, juu yeye iko mukubwa. Klavye ya kuandikia ilipewa ndugu yako wa Luberizi. Sanduku la mashine lilibaki hapa Nyalukemba na maman, mke wako, kitambaa cha kushona juu yake. Kila mutu na haki yake. Na nani angenisikiliza mimi, mwanafunzi tu wa atelier yako ya kutengeneza mashine, tena mwenye ulifukuza?

Maana ulinifukuza. "Furaha, toka! Nisione tena mukono yako ku mashine yangu." Ilikuwa juu ya ile diski tulitoa ku nyumba ya bazungu wenye walikimbia, kisha pillage, watu walipomaliza kupora. Niliiangusha kwenye simenti. Nikaenda kwetu Kabare na kiburi yangu, majuma matatu, nikingoja utume mutu kuniita. Habari yenye ilifika ni ya homa. Siku mbili za homa, basi, ukaenda.

Nilizunguka kukusanya vile vipande. Dada yako alikuwa anajiangalia ndani ya ekra akisuka nywele, aki! Kule Luberizi watoto walikuwa wamejifunza herufi zote ku klavye, nikaona haya kuwanyanganya. Nilivihitaji, Tonton, nikavichukua vyote, nikaviunganisha tena. Kila jioni ulikuwa unaandika ndani ya mashine kile tulipata, ku nyumba gani, na nani alikifungua. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: kama ulifuta jina langu.

Courant ya umeme ilirudi saa tisa ya mchana. Mashine ikanguruma, ile harufu ya vumbi yenye kuungua ikajaa chumba, na shingo yangu ikageuka yenyewe kukutafuta. Niliogopa, sikufichi.

Jina langu halikufutwa. Nilisoma mpaka siku ya ugomvi wetu, kisha nikaendelea kusoma. "Klavye mbili. Furaha alizisafisha." "Alimentation ya umeme. Furaha anasema iko nzima." Kila siku, majuma matatu! Mimi nilikuwa Kabare, Tonton. Ni nani alikuwa anakaa karibu yako?

Maman alisema: "Alikuwa anaongea ku atelier, anakuuliza mambo, ananyamaza, anakuitikia. Nilizania anaongea na mashine."

Ningetembea usiku kucha kama ungeniita. Na wewe ulikuwa unaniita, mule ndani, kwenye sikuweza kusikia.

Sasa pumzika. Kesho asubuhi nitafungua atelier, nitachukua ile diski niliangusha, nijaribu kuitengeneza. Ikinishinda, nitaandika kwamba imenishinda. Lakini nitaandika chini ya mustari wako wa mwisho, wa ile siku ulilala kitandani, na sitaufuta hata siku moja: "Leo hakuna kazi. Furaha anakawia."

Furaha