Uzi Uliomo Katika Bahasha

Torino, Ijumaa

Kwako mama yangu,

Assalamu alaikum, na shikamoo nyingi za mwanao Mwanaisha. Vipi goti lako, na kikohozi cha Bibi, na paa la upande wa jikoni, bado lavuja? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila sijui baridi ya huku nimeikosea nini, hainiachi hata nikijifunika mablanketi matatu. Kaka Salim, najua ndiwe unayemsomea. Soma yote, usiruke mstari, hasa usiokupendeza.

Mstari wenyewe ni huu. Juma lililopita daktari aliniita mbele ya mkalimani, akaniambia miguu imenyooka kwa ule upasuaji na maumivu yatapungua, lakini sitatembea. Nitarudi Malindi na kiti cha magurudumu. Nililia siku mbili, Mama, kwa kuwa nakumbuka ulichomwambia Ami Shee siku niliyoondoka: nikirudi nikitembea, meza ya viungo ya marehemu Baba sokoni ni yangu; nisipotembea, aichukue yeye.

Sasa sikiliza ya leo, maana nimeingia sasa hivi na sijavua hata koti.

Mwenzangu wa chumbani hapa hospitali, Lucia, naye ni wa kiti kama mimi, aliniambia kwa Kiitaliano chepesi, kile ninachokiokota kwake, twende sokoni. Nikamwuliza nani atatusukuma. Akacheka, akanionyesha mikono yake. Tukaenda wawili. Penye ngazi za kuingilia wamemwaga mteremko wa saruji, tukapita pamoja na wachukuzi wa matofaa. Kuna jibini kubwa kama gurudumu la mkokoteni, kuna mboga mfano wa ua lililofumba, watu huichemsha wakaila. Na kila muuzaji alisema na mimi. Kwetu wajua, nikipelekwa dukani mwenye duka humwuliza Salim, "Huyu ataka nini?" Leo nimeulizwa mwenyewe, nikabinya machungwa moja moja, na moja nikalirudisha kwa madaha.

Mwisho wa soko ikanijia harufu ya nyumbani, karafuu na mdalasini na iliki. Nikaifuata. Nikamkuta mama wa makamo kwenye kiti cha magurudumu, mizani mbele yake. Mama, hapa naandika kwa haya. Nilikumbuka kuwa leo ni Ijumaa, nikatoa sarafu, nikaitia kwenye kisahani cha mizani, nikamwambia taratibu kuwa ni sadaka. Nilidhani amewekwa pale aombe. Mimi, ambaye kila Ijumaa hutiwa shilingi mapajani pale kizingitini petu nikainamisha uso kwa uchungu, nimemfanyia mwenzangu lilelile.

Yule mama, jina lake Marta, aliitazama sarafu, kisha akanitazama mimi. "Wataka nini cha hii?" akauliza.

Akapima pilipili manga, akaifunga kwa karatasi na uzi, akanipa. Kumbe meza yote ni yake. Ameikata miguu ili aifikie, na wanunuzi ndio wanaoinama.

Lucia alicheka mpaka akashika tumbo, akamweleza kuwa mimi ni binti wa muuza viungo. Marta akanisogezea vifuko viwili vya iliki nimchagulie. Nikapasua ganda, nikanusa, nikamwambia ya kifuko hiki ni ya zamani, haina harufu tena. Akatafuna punje mbili, akakiondoa kifuko mezani. "Kaa hapa," akasema. Nikakaa ubavuni mwake mpaka adhuhuri, napima na kufunga. Bibi mmoja alitaka kupunguziwa bei, nikamtazama vile Baba alivyokuwa akiwatazama, akalipa. Sijapata kufurahi hivi tangu nizaliwe.

Mama, usimpe Ami Shee meza. Najua hukuniweka ndani kwa ubaya, uliogopa watu wasinicheke. Lakini ni nani aliyekutwangia bizari miaka yote hii? Nusu ya Malindi wamekula kazi ya mikono yangu, na hawajui ni yangu. Mlango wa soko letu una vipandio viwili tu. Saruji kidogo itatosha, na Salim si kiwete.

Ndani ya bahasha mna uzi. Nimeupima kwenye meza ya Marta, kutoka chini mpaka juu, nikaupiga fundo hapo. Mpe fundi seremala, akate miguu ya meza ya Baba ifike penye fundo. Nikirudi nikaikuta bado ndefu nitajua umekataa, na sitakuuliza, ila nitaumia sana.

Nisalimie Bibi, umwambie anywe ile dawa asiimwage. Msalimie Ami Shee kwa heshima zote, sina kinyongo naye. Na jirani yetu Bi Zuhura, anitiaye shilingi kila Ijumaa, mwambie Mungu amlipe, lakini ya safari ijayo aje nayo sokoni. Nitamwuliza ataka nini cha hiyo, kisha nitampimia.

Mwanao akupendaye,
Mwanaisha