Bomba Langu Halifiki Popote

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na ukitaka kucheka, cheka kwanza umalize, maana mke wangu alicheka hadi akachoka na sasa ameacha kucheka, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Mimi ni kinyozi, umri wangu ni wa mtu ambaye wateja wake wa kwanza hawana tena nywele za kunyoa, na ni mwenyekiti wa kamati ya majitaka ya mtaa wetu, cheo ambacho hakuna aliyekigombea ila mimi. Kwa miaka miwili niliwashawishi majirani waachane na matangi ya choo ya uani wajiunge na bomba la mji, na nakiri niliwashawishi wakiwa wamekaa kwenye kiti changu na wembe uko shingoni, kwa hiyo wapinzani walikuwa wachache. Bomba likaja, likapita barabarani, nyumba zikaungwa moja baada ya nyingine, nami nikasema mwenyekiti ataungwa wa mwisho, kama mwenye sherehe anavyokula mwisho.

Siku ikafika, nikamwita shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye ni fundi bomba, na mimi tayari nilikuwa nimechimba mtaro na kulaza bomba jipya kutoka chooni hadi karibu na barabara. Shemeji akatoa mpira wake mwembamba, ule unaojazwa maji ili kujua wapi juu wapi chini, akashika ncha moja, mimi nyingine, akapima, akarudia, kisha akakaa chini kabisa.

"Shemeji, choo chako kiko chini ya bomba la mji kwa zaidi ya nusu mita."

"Maana yake nini?"

"Maana yake unataka uchafu upande ngazi. Mimi ni fundi bomba, si mganga."

Kiwanja hicho cha bondeni nilikichagua mwenyewe, eti udongo wake unafaa maua. Ningesema ukweli siku ileile ningekuwa na raha leo, lakini majirani walikuwa wamesimama langoni wakisubiri kunipongeza, nikaona aibu, nikafukia mtaro na bomba lake, wakapiga makofi, na bomba limelala pale hadi leo halifiki popote, huku tangi langu la zamani na shimo lake la kufyonzea maji yanaendelea na kazi nyuma ya nyumba, na juu ya mfuniko nimepanga vyungu vya maua.

Sasa jirani yangu wa nyuma, mwalimu mwenye chekechea ya watoto thelathini uani kwake, ameamua kuchimba kisima cha maji ya kunywa ya watoto, na mahali alipopachagua ni kando ya ukuta wetu, hatua kumi na moja kutoka kwenye shimo langu, nimezihesabu mara tatu. Fundi visima akauliza mbele ya watu kama kuna shimo la choo karibu, mwalimu akajibu, "Upande huo hauna neno, huyo ndiye mwenyekiti mwenyewe," fundi akanigeukia, "Kweli, mzee?" nami nikasema, "Kweli kabisa," kwa sauti nzuri tu. Wanaanza kuchimba Jumatatu, tarehe kumi na mbili. Mwalimu huyo ni mtu mwema, huniita kaka, na kila Jumamosi huja kuazima gazeti hili nikishalisoma.

Mke wangu kasema, "Baba watoto, usiposema wewe nitasema mimi." Je, ipo nyumba inayoruhusiwa kubaki na tangi wakati bomba linapita mlangoni? Na je, siwezi kumhamisha mwalimu bila kumweleza sababu, kwa mfano nikamwambia pale chini pana jiwe kubwa?

Mwenyekiti wa Bondeni

*

Mwenyekiti,

Nimecheka, nimemaliza.

Swali lako la kwanza lingejibiwa na afisa afya bila wewe kufukia kitu. Ndiyo, zipo nyumba zinazoruhusiwa kubaki na tangi: ile iliyo mbali na bomba, na ile iliyo chini kama yako, ambayo maji yake hayawezi kuteremka yenyewe. Kukaa bondeni si kosa. Lakini ruhusa huombwa, tena ina masharti: tangi lisivuje, gari la kunyonya majitaka liweze kulifikia, na shimo la kufyonzea liwe mbali na kisima cha mtu. Kila mji una kipimo chake, ila sijasikia mji wenye kipimo cha hatua kumi na moja. Huenda ukaambiwa uweke pampu. Hapo msikilize shemeji yako, maana umeme ukikatika pampu nayo hulala. Ila kuogopa majirani watasemaje hakumo katika sababu za kupewa kibali.

Bomba ulilolifukia nakusamehe. Wengi wetu tuna kitu tulichokifukia huku watu wakipiga makofi. Ile "kweli kabisa" ndiyo inayonikera. Watoto thelathini, kaka, na vikombe vyao vidogo! Na habari ya jiwe iache. Mwalimu atasogea hatua nne, na bado atakuwa anachota kwako.

Fundi visima asimamishwe kwanza. Jumatatu asubuhi mchukue shemeji na mpira wake, mwende kwa afisa afya, mkaombe kibali, na yeye ndiye aonyeshe kisima kichimbwe wapi, na maji yapimwe kabla mtoto hajayaonja. Ondoa vyungu, gari la kunyonya haliji kunusa maua. Kisha fukua lile bomba. Halijawahi kupitisha kitu, ni safi kuliko maneno yako, na likifungwa chini ya paa la chekechea litawateremshia watoto maji ya mvua ya kunawia mikono. Wateja wako nao waambie, safari hii bila wembe mkononi.

Lakini hayo ni ya Jumatatu. Leo ni Jumamosi, umelisoma gazeti hadi hapa, na wakati wowote mwalimu atabisha hodi kuja kuliazima. Usimpe. Mpe kiti, mwambie kwa mdomo wako mwenyewe, halafu ndipo umpe gazeti.