Chiriku wa Mama na Rangi ya Philbert

S.L.P. 27,
Mafinga, Iringa.
19 Julai, 1974.

Mpendwa Kaka Saulo,

Shikamoo. Hamjambo hapo Iyunga, wewe, wifi Rozalia na watoto? Kifua cha wifi kimepata nafuu? Huku baridi imekaza kwelikweli, asubuhi majani yote meupe. Lakini mimi mzima, nakula, nalala, ingawa ni katika nyumba ya watu, kama ulivyokwisha kusikia.

Barua yako niliipata Jumanne. Umeniambia mwanamke hakimbii nyumba yake kwa ajili ya ndege, nirudi kwa mume wangu kabla watu hawajacheka. Kaka, watu wameshacheka. Sirudi! Sasa soma mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Shemeji yako Philbert alipata mikebe miwili ya rangi ya mafuta, ya bluu, akaamua kupaka sebule kwa sababu mjomba wake wa Tosamaganga anakuja mwezi ujao. Nikamwambia kwanza tulihamishe tundu la chiriku kwa jirani yetu Evarista, maana rangi ile siyo chokaa, harufu yake inapasua hata kichwa cha mtu mzima. Akanijibu eti ndege ni wa porini, watavumilia, mradi wasipigwe na baridi. Mimi nikaenda kuvuna mahindi. Hapo nilikosea, sikupaswa kumwamini.

Niliporudi, weee! Madirisha yote yamefungwa ndi, jiko la mkaa linawaka katikati ya sebule ili rangi ikauke upesi, na tundu limefunikwa blanketi. Blanketi letu la kitandani, kaka! Alifanya kwa huruma, sikatai. Nilipofunua, dume alikuwa chini, miguu juu, amekwisha kufa. Jike alikuwa anahema mdomo wazi. Nikalibeba tundu, nikatoka mpaka kwa Evarista, hata viatu sikuvaa.

Usiseme ni ndege tu. Tulipogawana vitu vya mama, wewe ulichukua cherehani, mimi nikachukua tundu, na ukoo mzima mkanicheka. Sawa. Lakini ni mama aliyewalisha wale chiriku kwa mkono wake mpaka wiki aliyofariki. Je, mtu angeichoma cherehani yako, ungeandikiwa barua ya kukuambia unyamaze?

Dume nimemzika nyuma ya jiko la Evarista. Jike anakula mtama kidogo kidogo. Juzi alilia mara moja. Hajaimba bado, ila sauti ipo.

Jana Philbert mwenyewe alikuja kunichukua. Macho mekundu, anakohoa, kichwa kinamgonga, maana analala humohumo kwenye rangi na madirisha yake yamefungwa, na jiko lake linawaka. Alikuja na hasira, akaishia kukaa kwenye kigoda. Nikampa maziwa ya moto, nikamwambia akaondoe lile jiko, afungue kila dirisha, na asinitarajie mpaka harufu itoke yote, hata ikichukua mwezi. Akasema mimi ni mkaidi. Nikamwambia ndiyo. Leo asubuhi Evarista amepita pale, anasema madirisha yako wazi, na bwana amekaa barazani amejifunga blanketi anatetemeka.

Nisalimie sana wifi, mwambie dawa ya kifua nitamtumia kwa dereva wa lori la mbao. Shangazi Apolonia mwambie mahindi ni mazuri mwaka huu. Mungu awatunze nyote na awape usingizi mwema.

Na wewe usiniandikie tena habari ya kurudi. Niliingia mwezi huu nina chiriku wawili na mume mmoja. Chiriku mmoja nimeshamzika. Hawa wawili waliobaki sitamzika hata mmoja kwa ajili ya rangi, mcheke msicheke.

Ni mimi mdogo wako mkaidi, nikupendaye daima,

Kalista