Klachi Kabla ya Breki

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, barabara inateleza, na mimi sijatulia tangu nitoke ofisini.

Kesho nampeleka mama hospitali, akafanyiwe upasuaji wa jicho. Mjomba Shabani anasafiri, ametuachia gari lake la gia. Leo jioni alitaka anione nikiendesha mara ya mwisho.

Leseni ninayo. Woga pia ninao. Kuna siku gari lilinizimikia njia panda ya Msata, lori likinipigia honi nyuma, utingo wake akiniuliza kama nasubiri posa. Tangu hapo, nikitaka kupunguza mwendo nakanyaga klachi kwanza ili injini isizime. Breki inafuata. Mjomba amenikataza, nami naitikia, kisha narudia yale yale.

Leo tulikuwa tunashuka mteremko wa kuelekea Mbegani. Mbele, watu wakaanza kuvuka barabara na jeneza.

Nikakanyaga klachi.

Gari likawa jepesi, likaongeza mwendo kama lililokatwa kamba. Nikakanyaga breki, tairi zikateleza. Niliona kanzu. Niliona migongo. Hakuna aliyegeuka.

"Achia klachi," mjomba akasema, taratibu kabisa. "Achia, baba."

Nikaachia. Injini ikaunguruma, ikalishika gari, breki ikakamata. Tukasimama hatua chache tu nyuma yao, na gari likazima.

Mjomba alishuka, akaenda kupokea jeneza kama ilivyo desturi. Nikamfuata, nikaweka bega. Mzee mmoja akanishukuru kwa kuzima gari, kwa heshima ya marehemu. Nikaitikia kwa kichwa.

Habari ilitutangulia nyumbani. Mama akanisifu, eti vijana wa siku hizi adabu ile hawana. Nikamtazama mjomba, alikuwa anakunywa chai yake.

"Lilizima lenyewe, mama," nikasema. "Nilitanguliza klachi. Nusura niwagonge."

Mama akamuuliza mjomba kama safari yake haiwezi kuahirishwa. Haiwezi. Akamtaka amweleze klachi inakanyagwa kwa mguu upi, naye akamweleza: wa kushoto, tena mwishoni, gari likikaribia kusimama.

"Basi nitakaa mbele," mama akasema. "Jicho moja linatosha kuuona mguu wako wa kushoto. Ukitangulia, nakufinya."

Hakucheka. Lakini hakusema tutafute dereva mwingine.

Kesho, mguu wa kulia kwanza.