Uso wangu kabla ya Ijumaa

Jumanne, Kakuma

Uso haujaniwasha leo. Tangu asubuhi mpaka saa hii, hata kidogo, na Ijumaa ndiyo binti yangu Akai anahitimu unesi kule Lodwar. Nilikuwa naogopa kusimama karibu na yeye kwenye picha, mashavu yangu yakibambuka kama rangi ya ukuta.

Kosa ni langu, nakubali. Miaka yote nimesugua uso kwa sabuni ya kufulia na kipande cha neti ya vitunguu, mpaka ngozi ilie. Nikisikia inalia, najua nimetakata. Akai alipokuja nyumbani mwezi uliopita alinitazama tu, akasema, "Mama, hiyo ngozi inalia kweli. Inaomba msamaha."

Neti akaitupa. Nilikasirika, maana huyu mtoto ni mimi nilimwosha hata kabla ajue kukaa. Lakini nikafuata alivyonielekeza. Sasa maji ya mtungi nayaacha kivulini yapoe kwanza, kwa sababu yaliyokaa juani yanachoma. Naosha kwa vidole, polepole, na sabuni kidogo isiyo na harufu. Nakausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, halafu mafuta, uso ukiwa bado na unyevu.

Leo kwenye bomba la maji Mama Furaha, jirani yangu Mkongomani, alinishika kidevu akanigeuza huku na huku. "Mama Akai, umepakaa dawa gani? Usinifiche."

Nikamwambia, "Sijapakaa dawa, dada. Nimesomesha."