Mliangalia Sinema Bila Mimi

Karakana ya Sofa,
Nyuma ya kituo cha mafuta, mlango wa bluu.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimetulia, na baridi ya huko imekuhurumia kidogo. Goti je? Bado unapanda ngazi huku unalitukana? Na yule bosi wako wa kwenye nyumba ya wazee, bado zamu za wikendi anakurundikia wewe tu? Mwambie una mdogo wako huku ambaye hajawahi kushindwa na mtu kwa mdomo, akitaka aonje.

Sisi ni wazima. Afya yangu mimi ni ya kuwaonyesha watu. Kitambi kimeongezeka, lakini ni kitambi cha heshima. Mteja akimwona fundi wa sofa amekonda, anaanza kuulizauliza. Wifi yako mzima, watoto wazima, yule mkubwa amepewa miwani na sasa anatutazama wote kama mkaguzi.

Kazi zipo. Juzi nimemaliza makochi ya ukumbi wa benki. Nakuambia, hakuna mkubwa katika mji huu anayekalia kochi zuri ambalo mimi sijalikalia kabla yake. Nimefanya kazi katika miji mitatu, nimeshona viti vya hoteli ambazo wenyewe wanaongea kwa kunong'ona, na kote huko jina langu wameliacha ukutani.

Sasa salamu zimeishia hapo, dada. Nina jambo na wewe.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu utanichekesha, na mimi nikishacheka nimekwisha. Karatasi hainichekeshi.

Unakijua kile kitabu ulichonitumia, ukakizungushia sweta kisilowe njiani. Ukurasa wa mbele uliandika kwa mkono wako: "Soma kwanza, sinema baadaye. Mimi nilifanya hivyo na sijuti." Mimi niliyeachia shule darasa la sita nikalichukua neno lako kama amri ya serikali.

Tena sikukisoma peke yangu. Wewe kazi yetu unaifahamu: ukishapaka gundi kwenye sponji na kwenye ubao, huruhusiwi kubandika papo hapo. Unaiacha ikauke mpaka ukiigusa haikushiki kidole. Watu wengine muda huo wanavuta sigara. Mimi nikatangaza kwamba karakana hii tutasoma. Kila siku mchana tunapaka gundi, wifi yako anazima cherehani, na mimi naketi juu ya fremu ya kochi nasoma kwa sauti mpaka gundi iwe tayari.

Wasikilizaji walikuwa watatu. Wifi yako, shemeji yangu (yule mdogo wake anayekata sponji), na fundi mbao wetu, tunayemwita Kamati kwa sababu hata msumari haugongi mpaka aujadili kwanza.

Siku ya kwanza kabisa Kamati alianza. Akasema, "Profesa, kwa nini tusianze na sinema? Tukishawajua watu kwa sura, kitabu kitateremka chenyewe."

Nikamjibu, "Ukianza na sinema unapewa sura za kukodi. Kitabu kinakuacha uzitengeneze mwenyewe. Wewe ni fundi, unataka kuletewa kiti kilichokwisha?"

Akakuna kichwa. Tukakubaliana wote wanne: kitabu mpaka mwisho, halafu sinema, sote pamoja, juu ya kochi jipya ambalo hajalikalia mtu. Aliyeapa kwa sauti kuliko wote ni wifi yako.

Kitabu chenyewe ni cha yule mwanamke mwoka mikate na kaka yake. Kaka anapanda treni kwenda kutafuta maisha, anaahidi kurudi, na dada mtu kila siku anaoka mkate mmoja wa ziada, maana hajui atashuka lini. Basi. Kinaonekana kidogo, lakini kilinikamata. Nikawa natembea barabarani namfikiria mtu ambaye hayupo. Nilikuwa sikimbizi kurasa. Neno gumu nikikutana nalo nasimama, nalitafuta kwenye ile kamusi yangu isiyo na jalada, nalirudia, halafu tunaendelea. Sijaruka hata moja. Naomba hilo ulishike vizuri.

Jumanne iliyopita tukafika pale treni inapoingia stesheni. Nikasoma milango inafunguka, abiria wanashuka, watu wanakumbatiana. Mwoka mikate amesimama na mkate wake umefungwa kwenye kitambaa. Watu wanapungua, wanapungua, mpaka wamekwisha. Kaka hayupo. Anakuja mzee mmoja mgeni, amebeba koti tu.

Shemeji akasema, "Hapana bwana, hapo umeruka."

"Nimeruka nini?"

"Umeruka anaposhuka. Anashuka behewa la mwisho, na begi jekundu."

Nikamwona Kamati anamkanyaga mguu. Nikauliza, "Begi jekundu umelitoa wapi?"

Wifi yako akawa anaukazia macho uzi ulio kwenye sindano kana kwamba ni leo ndiyo ameona uzi.

Kamati naye akadhani anaokoa jahazi. "Profesa, tusigombane. Labda maneno ya hapo ni magumu, ukaona uyapite. Hakuna aibu. Hata mimi ningeyapita."

Dada! Mimi! Niliweka kidole kwenye mstari, nikawasogezea kitabu mmoja mmoja wasome wenyewe. Begi jekundu halipo. Behewa la mwisho halipo. Kuna mzee na koti.

Hapo wifi yako akaona hakuna tena pa kujificha. "Tuliangalia, baba watoto. Kule kwa fundi simu, siku ile uliyokwenda kuchagua vitambaa."

Siku ile ni mwezi uliopita! Ina maana mwezi mzima nimekuwa nawasomea watu wanaojua. Na walikuwa wanashtuka! Shemeji alikuwa anashtuka kila mahali pa kushtuka. Mara ya mwisho alishika kichwa kabisa, akasema "maskini yule kaka", na kumbe kaka ameshamwona anashuka, anacheka, muziki unapigwa. Nikawaambia, nyinyi kutengeneza makochi mmekosea njia, mngeigiza.

Nikamuuliza mke wangu, "Sasa mwezi mzima mlikuwa mnasikiliza nini?"

Akasema, "Tulikuwa tunakusikiliza wewe. Unasoma vizuri. Ila unachelewa, na mimi usingizi ulikuwa hauji kwa kumfikiria yule kaka." Kisha akaongeza, taratibu, "Na dada yako ndiye aliyesema tuangalie. Alisema kwenye simu, 'Msimngojee huyo, atamaliza mwakani. Hata mimi sikukisoma, niliangalia tu.'"

Nilibandika sponji gundi ikiwa mbichi, dada. Mimi. Sponji ikateleza yote ikaanguka sakafuni, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Jioni shemeji akaja kunibembeleza. Badala ya kuniletea soda akanionyesha picha ya yule mwigizaji kwenye simu. Sasa ndio ameniua. Mwoka mikate wangu mimi alikuwa na sura ya shangazi yetu, mabega yale yale, sauti ile ya kumwita mtu akiwa mtaa wa pili. Nilimpa kila kitu, mpaka unga kwenye nyusi. Tangu nione ile picha, nikifungua kitabu anatokea binti mwembamba, kucha ndefu, ambaye hata mfuko wa sukari hajawahi kuuinua. Shangazi namwita, haji. Ukiniuliza leo kipi kianze, kitabu au sinema, sihitaji mjadala wa Kamati. Mimi yamenikuta.

Lakini hayo nitayasahau. Hao watatu nawajua, ni watu wa karibu, wananizunguka leo, kesho tunakula sahani moja. Wewe ndiye uliyeniuma. Wewe ndiye uliyenikalisha jikoni, nimeshaacha shule, naona haya hata kusoma kibao cha duka, ukanifunulia gazeti lililofungia sabuni na kuniambia, "Tulia, maneno hayaendi popote." Hukuwahi kunicheka. Ulikuwa unaningoja nimalize mstari hata kama chai inapoa. Leo umemwambia mke wangu asiningoje. Na pale mbele ya kitabu ukaandika kwa mkono wako kwamba umesoma, na mimi nikawa najisifu kwa wateja: kitabu hiki dada yangu amekimaliza huko ng'ambo, sasa zamu yangu.

Nilitaka tuwe na kitu kimoja tulichokipitia wote wawili, kurasa zile zile. Hilo tu. Wala sikutaka sweta.

Sasa sikia nilichofanya. Kuanzia Jumatano sijasoma kwa sauti. Gundi inapakwa, cherehani inazimwa, halafu tunatazamana. Kamati anajadili bei ya mbao peke yake. Mimi naketi pale pale kwenye fremu, nafungua kitabu, nasoma kimya, midomo inacheza makusudi waione. Ijumaa nikamaliza. Nikakifunga. Nikajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja, sijali.

Shemeji akashindwa kuvumilia. "Basi? Anarudi?"

"Si mliangalia?"

Kamati akasema, "Sinema ilisema anarudi."

"Basi kaeni na sinema yenu."

Mke wangu alikuja akakaa kando yangu kwenye fremu, akaniomba msamaha kwa sauti ndogo, na mimi nimemsamehe, siwezi kukuficha. Wote nimewasamehe. Lakini mwisho wa kitabu sikuwaambia. Katika ukoo huu mzima anayejua kama yule kaka alirudi kwa dada yake ni mimi peke yangu, mtu wa darasa la sita.

Na wewe sikuandikii hapa, hata usigeuze karatasi.

Nimewaambia hivi: sura ya mwisho itasomwa karakana, kwa sauti, siku ambayo dada yangu ameketi nasi. Siku nyingine haipo. Mke wangu anasema ninamwadhibu. Nikamwambia adhabu ni ya kila mtu, mimi nikiwemo, maana nimeshaanza kuifanyia mazoezi.

Dada, ulisema nitamaliza mwakani. Na wewe kuja nyumbani unasema mwakani tangu mtoto wangu huyu wa miwani hajazaliwa. Mwakani yangu nimeimaliza kabla haijafika. Nangoja yako.

Nisalimie shemeji yangu dereva, mwambie aache kuendesha kwa mkono mmoja. Nisalimie wapwa zangu wote, hasa yule wa mwisho anayeimba bafuni. Wifi yako anakusalimu, ana aibu. Kamati anakusalimu, ana maswali. Mungu akufunike, akuondolee mabosi wabaya, akufungulie milango, na wa ndege uwe wa kwanza.

Ni mimi wako akupendaye, hata nikiwa nimenuna,

Mdogo wako, fundi.