Shibiri Moja ya Wavu

Nsambya, 14 Machi 1994

Mdogo wangu Wanjala,

"Wasichana walishindwa Jinja kwa sababu hawana moyo wa mchezo." Hayo umemwambia mkuu wa chuo, naye sasa anataka kuivunja timu yangu kwenye kikao cha Ijumaa ya wiki ijayo. Uongo mtupu! Nitakuonyesha, lakini hata ugomvi una adabu yake: hujambo? Watoto je? Kifua cha mama kimepata nafuu, anakuulizia. Tunafundisha voliboli kwenye uwanja mmoja, wewe wavulana, mimi wasichana, na hatusemezani. Ndiyo maana barua hii nimempa Moreen, kapteni wangu, akuletee.

Sasa sikiliza. Wavu wa wanawake huwa chini ya wenu kwa shibiri moja. Wewe uliufunga wavu wetu kwa waya, kimo cha wanaume, muhula mzima. Wasichana wakazoea kupiga juu ya ukuta. Kwenye mashindano ya Jinja walikuta wavu wa haki: Akoth akipiga, mpira unapaa na kuangukia nje. Kila mara nje! Huo ni upungufu wa moyo, au ni waya wako?

Nenda ukamwambie mkuu.

Dada yako,
Nakhisa

Wandegeya, 17 Machi

Dada,

Pokea salamu. Hatujambo, ila mtoto mdogo ana mafua.

Kweli, waya niliufunga mimi. Kulabu za kushushia wavu zimeshika kutu, na vijana wangu hununa wakikuta wavu uko chini. Mmoja wao, Sifuna, huuita kamba ya kuanikia nguo. Mkuu aliniuliza ghafla. Ningetaja wavu, angeuliza nani aliufunga, na kazi hii ndiyo ugali wa watoto wangu.

Lakini wewe, dada! Unagombana na padri kwa mahubiri yake, na mwenye nyumba, hata na magazeti. Wavu ule uliuona kila jioni. Mbona mimi hukunigombeza?

Mdogo wako,
Wanjala

Nsambya, 23 Machi

Ndugu yangu,

Wasalimu watoto; huyo wa mafua mpe maji ya tangawizi.

Swali lako limeninyima hamu ya kula. Kazi hiyo nilikuombea mimi. Niliogopa chuo kisije kikasema nimemleta ndugu yangu kisha nampiga vita. Basi uoga wangu nikaugeuza somo: "Wavu mrefu utawafanya mruke kuliko wote." Wakaniamini. Tuliporudi kutoka Jinja, Moreen alinipigia magoti. "Kocha, tusamehe, tumekuaibisha." Nikamwambia yamekwisha. Nilimsamehe, Wanjala! Mimi nilimsamehe yeye!

Jana nimewaambia ukweli. Akoth alicheka kwanza, kisha akachukua viatu vyake akaondoka bila kuniaga.

Leo asubuhi nimekuta waya umekatwa, wavu umeshuka. Koleo ni la nani, najua. Asante. Lakini wavu hausemi kikaoni, na wewe ukinyamaza keshokutwa, utakuwa umewashushia wavu wasichana wasio na timu.

Nitasimama mimi kwanza, nimweleze mkuu nilivyowadanganya. Nikikaa, simama wewe. Na barua hii wasomee vijana wako kabla ya mazoezi, kwa maana mwisho wake nawaandikia wao: Sifuna, na nyinyi wenzake wote mlioucheka wavu wetu kuwa kamba ya nguo, ingieni kikaoni Ijumaa, mseme kwa vinywa vyenu wavu ule ulikuwa wa kimo cha nani.

Dada yako,
Nakhisa